Jogoo niliyemlea kwenye boksi ndo akaja kutupiga

Jana jioni jirani yangu aligonga geti huku kashika mguu, damu inachuruzika mpaka kwenye ndala, jogoo wake mwenyewe kamchana na kipi (ule mwiba wa nyuma ya mguu) wakati anaokota mayai. Nikamuosha, nikamwambia kesho asubuhi na mapema aende zahanati akachomwe sindano ya pepopunda maana ule mwiba unakanyaga mavi siku nzima, halafu tukakaa kibarazani tukaongea kuku mpaka giza likaingia. Swali lake ni lile lile nililoulizwa na watu kama watano mwaka huu: dada'angu, hivi jogoo ukimzoesha kumshikashika tangu mdogo si ndo anakua mpole? Nikamwambia ngoja nitaiandika yote, maana jibu lake ni ndio na pia ni hapana, na mimi hilo somo nimelilipia kwa uso wa mwanangu.

Naishi Kibaha, nafuga kienyeji na chotara wachache, sio mradi mkubwa, majike 30 hivi na majogoo watatu. Miaka mitatu iliyopita koo wangu mmoja alitotoa vifaranga 11, kumi wakatoka siku ya 21 kama kawaida, mmoja akachelewa, katoka kesho yake mama yao ashanyanyuka kwenye kiota na wenzie. Nikamuokota. Tukamweka kwenye boksi sebuleni na balbu pembeni, na binti yangu ambaye wakati huo alikua na miaka 6 akasema huyu ni wangu, akamwita Kamanda. Basi Kamanda akalelewa na watu tupu. Hakuona kifaranga mwenzie mpaka ana wiki saba. Alikua analala kwenye kiganja, anapanda begani, tukiangalia tivii jioni na yeye yupo mapajani, na kulikua na mchezo mmoja ambao nikiukumbuka mpaka leo roho inaniuma, binti anamsukuma kidari kwa kidole, kifaranga kinaruka kinadonoa ule mkono, tunacheka wote, anamsukuma tena. Kila siku. Hakuna aliyejua kwamba tunamfundisha kupigana na mtu.

Alipofika miezi mitano akaanza kuwika, ile sauti ya kukwama kwama ya pora (jogoo kijana), na hapo hapo akaanza tabia ya kunizunguka. Anashusha bawa moja mpaka linakwaruza chini, anakuja upande upande kama anacheza ngoma, anakuzunguka miguu. Mimi nikawa nawaambia watu jamani ananipenda huyu. Sikujua kwamba ule mchezo wa bawa jogoo anaufanya sehemu mbili, mbele ya jike anayemtaka na mbele ya jogoo mwenzie anayempima, na katika zote mbili mtu akikubali kuzungukwa akarudi nyuma ashakua wa chini. Mimi nilikua nampisha, nasogea asije akanichafua. Kwa macho yake nimeshindwa mara ishirini kabla hata vita haijaanza. Baadae ikaja ya kudonoa donoa chini huku ananitazama kwa upande, manyoya ya shingo yamesimama kama mwavuli, halafu siku moja nimempa mgongo nikasikia paa! nyuma ya mguu kwenye kigimbi.

Nikampiga teke. Na hilo ndo kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, maana ni la haraka, mguu unaenda wenyewe. Lakini fikiria jogoo wanapigana vipi, si kwa miguu? Wanarukiana wanapigana mateke kifuani. Kwahiyo mimi kumpiga teke ni kumjibu kwa lugha yake kabisa kwamba haya tuanze. Kesho yake alinisubiri mlangoni. Mume wangu akatumia fagio, ikawa akiona fagio tu hata limeegeshwa ukutani anavamia. Tukamkimbia, ikawa mbaya zaidi.

Halafu ikaja ile Jumapili. Binti katoka na kibakuli cha chenga za mahindi kama alivyozoea, ila siku hiyo kavaa gauni jeupe la kanisani ambalo Kamanda hajawahi kuliona (nimeshaona mara nyingi majogoo wanashtukia nguo mpya, gambuti za rangi nyingine, kofia, mtu aliyejifunika khanga kichwani). Kachuchumaa awamwagie, uso wake uko sawa na kifua cha jogoo, na Kamanda akaruka. Kipi kikamchana chini ya jicho la kushoto. Chini kidogo tu ya jicho. Alishonwa nyuzi mbili na mpaka leo kovu lipo, mimi kila nikimsuka naliona.

Mume wangu alirudi na kisu mkononi na simlaumu hata kidogo. Nilimuomba aniachie muda kidogo, na sababu yangu haikua huruma peke yake. Kamanda alikua mlinzi hodari kupita majogoo wote niliowahi kufuga. Kuna mlio mmoja mwembamba mrefu jogoo anautoa akiona mwewe juu, majike wote wanazama chini ya mikorosho au wanatulia palepale, na kuna mwingine wa kelele kak kak kak mfululizo akiona kitu cha chini kama nguchiro au paka shume. Miezi ile ya Kamanda nilipoteza kifaranga mmoja tu kwa mwewe. Nikajiuliza hivi huo ushujaa na huu ukorofi si ndo kitu kile kile? Anayenilinda kuku ndo huyo huyo anayenipiga.

Watu wakanishauri mshike miguu mning'inize kichwa chini, ukimning'iniza dakika mbili tatu adabu inamuingia. Nikafanya, na kweli alitulia tuli. Ila kutulia kule si adabu. Sisi wote tumekua tunaona kuku wa sokoni wanabebwa hivyo, kumi kwenye usukani wa baiskeli, kimya, tukadhani ndo raha yao. Kuku hana ule msuli tulio nao sisi chini ya mapafu unaotenganisha kifua na tumbo, ukimgeuza juu chini matumbo na gole (ule mfuko wa chakula wa shingoni) lililojaa vinagandamiza vifuko vyake vya hewa, anapumua kwa shida, na kama kala muda si mrefu anaweza kutema maji yakamuingia njia ya hewa. Ule ukimya ni hofu. Ni kama ule mchezo wa kumlaza kuku chini halafu unamchorea mstari kwenye vumbi mbele ya mdomo, anaganda, hajafungwa wala nini. Kuna padri wa zamani sana, Athanasius Kircher, aliuandika mwaka 1646, na siku hizi inajulikana kwamba yule kuku anaganda kama mnyama aliyekamatwa na adui anavyojifanya kafa. Kwahiyo nilichomfundisha Kamanda kwa kumning'iniza ni kwamba mkono wangu ni mwewe. Na jogoo anayeamini mkono wako ni mwewe akipata nafasi ataupiga.

Nikampigia simu mama mkwe. Yeye ni mtu wa Singida, na Singida kuku wanawajua, mabasi yakisimama tu unaona wenyewe. Nikamueleza yote, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Mwanangu, huyo jogoo alikua na ndugu zake?" Nikamwambia hapana mama, alikua na sisi ndani. Akasema, "Basi wala hakuchukii. Huyo anajua wewe ni kuku mwenzie, tena jogoo mwenzie. Mgemuacha akapigwa na wakubwa angejua ukubwa una mwenyewe."

Hayo maneno yalinikaa. Kuku wanaishi kwa vyeo, huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa wa chini yake, na Mnorwei mmoja anaitwa Thorleif Schjelderup-Ebbe aliyekua anawatazama kuku tangu utotoni ndo aliandika habari hiyo kitaalamu mwaka 1921. Kifaranga anayekua na wenzie na wakubwa anafundishwa mapema, akimsogelea jogoo mkubwa kwenye chakula anakula moja ya kichwa anakimbia, na hiyo adabu anakua nayo. Kifaranga wa sebuleni haipati hiyo shule. Anakua hana hofu na mtu, jambo zuri, ila pia hana nafasi yoyote aliyofundishwa, na homoni za dume zikija anatafuta cheo kwa wale aliokua nao, ambao ni mimi na mume wangu na mtoto. Ndo maana nasema kumshikashika ni ndio na hapana. Kushikwa kunaondoa woga. Sasa kuondoa woga kunampa nini baada ya hapo, inategemea umemshika vipi na amekua na nani.

Kwahiyo nilichofanya. Kwanza binti marufuku bandani, hakuna majadiliano. Pili niliacha kabisa kumshika mchana mbele ya majike wake. Giza likiingia kuku haoni vizuri, kapanda kwenye mti wa kulalia kashatulia, hapo ndo nilikua naenda na tochi ya simu nimeiziba na kidole mwanga uwe hafifu. Mkono wa kulia unapita chini ya kidari, miguu inaingia katikati ya vidole, mkono wa kushoto unabana mabawa yote mawili yakae mwilini, halafu unamkumbatia ubavuni kwako kichwa kikiangalia nyuma. Ukiacha bawa moja nje atalipiga piga na hofu yake inapanda upya. Siku za mwanzo nilimfunika macho na ncha ya khanga. Nikawa nakaa nae kwenye stuli, simsemeshi sana, simchezei upanga wala ndevu, namshika tu. Mwanzo moyo wake nausikia unaenda kama cherehani. Unasubiri. Inafika mahali shingo inalegea, kope zinapanda (za kuku zinafunga kutoka chini kwenda juu), pumzi inashuka, hapo ndo unamrudisha, polepole, miguu yake iguse mti kwanza ndo uachie. Ukimuachia wakati bado anahangaika unamfundisha kwamba kuhangaika kunamtoa, na kesho atahangaika zaidi, hili nililiona wazi kabisa mara mbili nilizokua na haraka.

Mchana nilikua naingia na karai nimelishika mbele ya miguu. Simpigi nalo, naliweka tu katikati yangu na yeye. Akija na bawa lake simpishi na simkimbizi, naendelea na njia yangu hatua ndogo ndogo, yeye ndo apishe. Akiruka anagonga karai. Karai halijibu teke, halikimbii, hakuna vita. Siku za kwanza aligonga mpaka mara sita kwa asubuhi moja, wiki ya tatu akawa anakuja anasimama, anadonoa chini kama hana habari, anaondoka. Na chakula sikumpa tena mkononi. Nilikua namwaga chini mbali kidogo na mimi, na hapo nikagundua kitu kizuri sana, jogoo akikuta chakula anaokota punje anaidondosha anaita tuk tuk tuk majike waje, hiyo ndo kazi yake na ndo heshima yake kwa wake zake. Nilipokua namlisha kiganjani nilikua namnyang'anya hiyo kazi na kumfundisha kudonoa ngozi ya mtu. Sasa namwagia, anaita wake zake, mimi naokota mayai, kila mtu na shughuli yake.

Ilichukua kama wiki sita. Kamanda akawa salama kwangu na kwa mume wangu. Kwa mtoto hakuwahi kuwa salama na sitamdanganya mtu hapa, siku moja kasikia sauti ya binti nje ya wavu akaruka kwenye wavu palepale. Tukamuacha kwenye banda lake na majike tisa, nikamsaga ncha za vipi kwa tupa (ncha tu, ndani kuna mfupa na damu, usikate chini), na mayai yake nikayala, sikuatamiza hata moja. Alikufa mwaka jana kwa ugonjwa akiwa jogoo mkubwa.

Sikutaka kuatamiza kwa sababu kuna upande mwingine wa hii habari ambao mikono haiufikii, nao ni damu. Baada ya Kamanda nililea kundi la mapora saba kwa njia moja, wote na mama zao bandani na majogoo wakubwa wapo, wote nawashika usiku mara mbili kwa wiki tangu wana wiki tatu, hakuna mchezo wa kusukumana, hakuna jina, hakuna kiganja. Wanne walikua baba yao ni jogoo wangu wa kienyeji wa kawaida, watatu baba yao ni kuchi wa rafiki wa mume wangu, wale wa shingo ndefu, miguu mirefu, wamesimama wima kama askari. Kuchi wanapendwa na nawaelewa wanaowapenda, jogoo wake ni kitu cha kutazama, ila wana damu ya kupigana. Wale wanne wote wakatoka wapole. Wa kuchi wawili wapole, na mmoja, malezi yale yale, mikono ile ile, siku zile zile za kushikwa, akatoka mkorofi wa kuvizia mtu. Huyo tulimla supu akiwa na miezi nane na sikujadiliana na mtu. Kule Sweden, chuo kikuu cha Linköping, timu ya Per Jensen ilichukua kuku wa porini wa asili wakawa wanachagua wazazi kwa kuangalia nani anaogopa mtu na nani haogopi, na ndani ya vizazi vichache tu makundi mawili yakatofautiana. Kwahiyo ukiatamiza mayai ya jogoo mkorofi kwa sababu ni mkubwa mzuri, unapanda ukorofi. Watu wengi tunafanya hivyo, jogoo mpole anaenda sufuriani sikukuu maana anakamatika kirahisi, mkorofi anabaki kuzaa.

Kuna mambo madogo ambayo jirani nilimwambia jana na nayaweka hapa. Usikamate jike mchana mbele ya jogoo, jike akipiga kelele mikononi mwako hata jogoo mpole lazima aje, ana haki. Kamata usiku. Usiku wa chanjo ya mdondo, ile ya tone moja jichoni kila miezi mitatu, ndo nafasi nzuri ya kumzoesha kila mmoja mikono, na ni wakati wa kuangalia utitiri chini ya mabawa na magamba ya miguu. Angalia hesabu yako pia, jogoo mmoja kwa majike kumi inatosha, ukiwa na majogoo wanne kwa majike kumi na mbili siku nzima ni vita na wewe unapita katikati ya vita. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sawa, ila jogoo mgeni ukimfunga kamba uwanjani watoto wanamzunguka wanamtupia vijiti na yeye hawezi kukimbia wala kufika, ukija kumfungua unafungua hasira ya wiki nzima, bora umfunikie tenga siku mbili tatu mahali pa utulivu asikie sauti zenu.

Jirani aliniuliza sasa yule wangu nimchinje? Nilimuuliza una watoto wadogo? Anao wawili, mmoja ana miaka mitatu, uso wake uko kwenye kimo cha kipi kabisa. Nikamwambia kwa mimi huyo auzwe kwa kitoweo au achinjwe, wala asiuzwe kwa mtu wa kufuga bila kuambiwa ukweli. Wiki sita za karai na khanga ni za mtu mzima mwenye uzio imara.

Binti yangu sasa ana miaka 9. Anaingia bandani tena, na gambuti, mimi nikiwepo, na yeye ndo ananishikia tochi usiku. Haikupita muda toka aanze kushika tochi akaomba kushika kuku, nikampa jike kwanza, wiki iliyopita nikampa pora mmoja wa wiki kumi, akamshika vizuri kuliko mimi, mabawa yamebanwa, kichwa nyuma, akakaa nae mpaka kope zikapanda. Akaniuliza mama huyu tumpe jina? Nikamwambia mpaka afike mwaka kwanza. Mapora wako wanne bandani sasa hivi, na leo asubuhi mmoja wao, yule mwekundu mwenye mkia mweusi, nilimuona kashusha bawa mbele ya karai.